Kituo cha Unyanyembe: Juu ya Mapumziko na Kazi ya Mwandishi

Mtu atokaye Kitete, penye hospitali ya mkoa wa Tabora, akashika njia ya Kwihara, hufika baada ya kilomita chache penye tembe iliyojengwa upya, ambayo sasa ni makumbusho ya David Livingstone. Wageni huonyeshwa vyumba, huambiwa kwamba hapa ndipo alipokaa yule msafiri pamoja na Stanley mwaka wa 1872, kisha hurudi zao. Ni wachache waulizao ya kwamba katika miezi ile aliyokaa hapa peke yake, baada ya Stanley kwenda zake pwani, mtu huyu alikuwa akiandika nini, na kama maandishi yake ya Kwihara yanafanana na yale aliyoyaandika njiani. Swali hilo ndilo tulitakalo katika makala haya. Wala si swali la Livingstone tu. Ni swali la kila mwandishi aliyewahi kutua mzigo wake Unyanyembe akapata nafasi ya kukaa kitako na kalamu.

Siku hizi jambo la kuwapa waandishi mahali pa faragha limekuwa desturi katika nchi nyingi. Wamarekani walianza mapema: nyumba ya MacDowell, katika jimbo la New Hampshire, ilifunguliwa mwaka wa 1907, na tangu 1967 Chuo Kikuu cha Iowa kimekuwa kikiwaalika waandishi wa mataifa mbalimbali wakae na kuandika. Kwetu pia husikika maoni kwamba riwaya zetu ni fupi na tenzi zetu ni chache kwa sababu mwandishi hana pa kukaa akatulia. Huenda ni kweli. Lakini kabla ya kuyakubali maoni hayo yatupasa kuuliza utulivu humfanyia nini mwandishi, maana watu wengi husema kana kwamba utulivu ni mbolea, ukitiwa shambani basi mazao huwa mema bila kutazama mbegu.

Kwanza neno lenyewe. Waislamu wana itikafu, ambayo ni ya msikitini na ya ibada. Wakatoliki, ambao Tabora ni mji wao wa zamani wenye Askofu Mkuu, seminari ya Kipalapala na chapa ya T.M.P. iliyotoa vitabu vingi vya Kiswahili, wana mafungo. Yote mawili ni maneno ya roho, na mwandishi akiyaazima huonekana anajidai utakatifu. Mimi napendelea neno la njia ya misafara, yaani kituo. Mpagazi akitua mzigo, pale alipotua ni kituo. Na wenzetu wataalamu wa mashairi wanajua ya kwamba mshororo wa mwisho wa ubeti nao huitwa kituo, na ule urudiwao huitwa kibwagizo, kutokana na kubwaga, ambako nako ni kuutupa chini mzigo. Sisemi kwamba istilahi hizi zilitungwa na Wanyamwezi chini ya pembe za ndovu. Nasema tu kwamba lugha yetu yenyewe haikutenga kupumzika na kutunga: mahali pa kutua ni sehemu ya wimbo, tena ni sehemu ile ambayo msikilizaji huingia na kuitikia. Jambo hili la muitikiaji tutalirudia.

Mgeni wa kwanza tunayeweza kumpima ni Richard Burton. Yeye na mwenziwe Speke waliondoka pwani katikati ya mwaka wa 1857, wakafika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, mwezi wa Novemba mwaka ule ule. Walikaa muda wa kama wiki tano, wakaenda Ujiji, kisha wakarejea mwezi wa Juni 1858 na kukaa mpaka mwisho wa Septemba. Katika kukaa huku kwa pili Speke alikwenda kaskazini kutafuta ziwa aliloambiwa habari zake, na tarehe 3 Agosti akaliona ziwa la Nyanza. Burton alibaki Kazeh. Alikuwa mgonjwa, ni kweli, lakini pia alikuwa ametosheka. Alikuwa amempata Snay bin Amir.

Huyu Snay alikuwa Mwarabu wa Kiharthi ambaye, kwa maelezo ya Burton mwenyewe, alianza maisha kwa kupika halwa huko Maskat, akaja kuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa pembe na watumwa katika Unyanyembe. Alikuwa msomaji wa vitabu, mwenye kumbukumbu kali, na mwaka wa 1852 alikuwa amefika mpaka kwa Suna, Kabaka wa Buganda. Burton alikijua Kiarabu vema, Speke hakukijua. Basi siku baada ya siku wawili hawa walikaa barazani wakizungumza, na katika mazungumzo hayo Burton alikusanya maneno ya Kiswahili na ya Kinyamwezi, akaandika desturi, bei za bidhaa, majina ya mito, na habari za Karagwe, Uganda na Unyoro, nchi ambazo hakuzikanyaga kamwe. Msomaji akikifungua kitabu chake juu ya nchi za maziwa, kilichotoka London mwaka wa 1860 katika juzuu mbili, ataona mara moja tofauti. Sura za njiani ni za ghadhabu: homa, wapagazi watorokao, punda wafao, machifu wadaio hongo. Sura za Kazeh zimetulia. Sentensi zinarefuka, mambo yanapangwa kwa aina zake, na mwandishi anakuwa na nafasi ya kutilia shaka alilosikia na kulilinganisha na lingine. Kwa mtaalamu wa lugha na wa mila sura hizi ndizo zilizobaki na thamani, na zimetoka barazani kwa muuza halwa.

Hata hivyo ni lazima tuseme na ubaya wake. Utulivu ulimpa Burton wasaa wa kusikiliza, lakini ulimpa pia wasaa wa kudharau. Njiani dharau yake kwa Waafrika ni ya mtu aliyechoka, nayo huja na kupita. Kituoni inageuka kuwa nadharia, inapata vifungu na hoja, inavaa nguo za elimu. Kurasa zake juu ya tabia ya mtu mweusi haziwezi kusingiziwa homa, kwani ziliandikwa na mtu aliyeketi akala akashiba. Na aliyemlisha na kumwarifu alikuwa ni Mwarabu mwenye watumwa; hivyo Mnyamwezi anaonekana katika kitabu hicho kama alivyoonekana kutoka baraza ile, yaani akipita na mzigo, au akisimama mlangoni akingoja amri. Sauti yake haisikiki. Maneno yake yapo kwa wingi katika orodha, lakini mazungumzo yake hayapo. Hili ni kosa la kituo, si la safari.

Tena kuna hasara nyingine iliyojulikana zaidi. Speke alirudi tarehe 25 Agosti akasema ameona chimbuko la Nile. Burton hakukubali, wala hakuwahi kukubali kwa moyo mweupe miaka mingi baadaye. Alikuwa na habari za Waarabu alizozikusanya kwa uangalifu, na Speke alikuwa na macho yake tu pamoja na kukisia kwingi. Kwa kanuni za uchunguzi Burton alikuwa na haki ya kudai ushahidi zaidi. Lakini aliyekisia ndiye aliyepata, kama safari ya Stanley ya mwaka wa 1875 kulizunguka ziwa ilivyothibitisha. Mtu aliyeketi kwa muda mrefu kati ya maneno mazuri huanza kuyaamini kuliko nchi yenyewe. Snay hakuishi kuyaona matokeo ya ubishi huo. Aliuawa katika vita vya Waarabu na Manua Sera, na Speke aliporudi Kazeh mwaka wa 1861 aliikuta nchi imechafuka kwa vita hivyo.

Sasa tuje Kwihara. Livingstone na Stanley walifika kutoka Ujiji mwezi wa Februari 1872. Stanley aliondoka tarehe 14 Machi akichukua barua na madaftari ya mzee, kwa ahadi ya kumletea wapagazi kutoka pwani. Livingstone alingoja mpaka tarehe 14 Agosti watu hao walipowasili, akaondoka tarehe 25. Hii ni zaidi ya miezi mitano ya kungoja, na katika maisha yake ya miaka ile ya mwisho hakuna mahali pengine alipopata chakula cha kutosha, karatasi, vitabu, dari juu ya kichwa, na kutokuwa na pa kwenda, vyote kwa pamoja. Kama pana kielelezo cha nyumba ya faragha ya mwandishi katika historia ya bara letu, basi ni hiki, ingawa hakuna aliyekikusudia hivyo, na ingawa nje ya kuta vita vya Waarabu na Mirambo vilikuwa bado vinaendelea na njia zilikuwa za hatari.

Daftari lake la miezi hii, kama lilivyochapishwa na Horace Waller mwaka wa 1874, ni maandishi ya ajabu. Siku nyingine hana la kusema ila kuhesabu: Stanley sasa yuko wapi, lini atafika Bagamoyo, lini watu watatoka, lini watafika. Hesabu hizi hurudi kama kibwagizo. Siku nyingine anatazama ndege. Kulikuwa na mikomamanga uani, na familia ya ndege wenye mikia mirefu ilikuja humo. Anaeleza jinsi makinda yaliyokwisha kuota manyoya bado yanavyomlilia mama yao chakula, kwa upole na ucheshi ambao hatuuoni katika kurasa zake za Manyema. Mtu aliyeona mauaji ya Nyangwe mwezi wa Julai 1871, akaandika akiwa amevunjika moyo, hapa anaandika juu ya kinda linaloinua mdomo. Nadhani ni kurasa zake bora kabisa. Wako watakaonibishia kwamba ni mambo madogo ya mzee aliyekosa shughuli, na mimi nitawajibu kwamba kukosa shughuli ndiko kulikomwezesha kuyaona.

Lakini ndege hawakumshughulisha daima. Kilichomshughulisha ni Nile. Aliamini kwamba mto Lualaba ndio Nile, na kwamba kusini yake ziko zile chemchemi alizozitaja Herodoto. Leo twajua kwamba Lualaba ni Kongo. Linalotupasa kulitazama ni jinsi kosa hili lilivyokaa naye Kwihara. Mwezi wa Mei anakiri waziwazi ya kwamba yumo katika shaka, na kwamba anajua mengi mno hata hawezi kusema kwa hakika. Maneno hayo ni ya mtaalamu wa kweli, na nyumba yenye utulivu ndiyo iliyompa ushujaa wa kuyaandika. Kisha baada ya kuikiri shaka, anarudi tena kwenye chemchemi zake, anazipanga, anazipa majina, anapima umbali. Hakuwa na mtu wa kubishana naye. Stanley, pamoja na majivuno yake yote, angalau alikuwa mtu wa kuuliza maswali. Baada ya Machi palikuwa na Susi, Chuma, Halima mpishi na wengineo, na mzee hakudhani kwamba jambo la chemchemi lawahusu, ingawa wao ndio waliokuwa wakivuka mito hiyo na mizigo kichwani. Hivyo upweke ulimsafisha akili mwezi mmoja, ukamfungia ndani ya ndoto miezi iliyofuata. Aliondoka Kwihara akaelekea Bangweulu kwa ajili ya ndoto hiyo, na huko ndiko alikofia mwaka uliofuata.

Jambo la tatu ndilo zito kuliko yote. Tarehe 1 Mei 1872 aliandika daftarini ya kwamba amemaliza barua kwa gazeti la New York Herald, ili awaamshe Wamarekani waisaidie kuikomesha biashara ya watumwa ya pwani ya mashariki. Maneno ya mwisho ya barua hiyo, ambayo ndani yake anataja upweke wake na kumwombea baraka yeyote atakayesaidia kuponya kidonda hicho cha ulimwengu, yalichongwa katika jiwe la kaburi lake katika kanisa la Westminster. Mamilioni ya watu wameyakanyaga au kuyasoma, wala hawajui kwamba yametoka Unyanyembe. Nawaomba wasomaji watazame mahali yalipoandikwa. Kwihara ilikuwa makao ya wafanya biashara wa Kiarabu. Pembe na watu vilipita mbele ya mlango. Mwandishi alikuwa mgeni wa jamii ile ile aliyokuwa akiishtaki, akila katika soko lake na kulindwa na nguvu yake dhidi ya Mirambo. Kwa mtu mwingine hali hii ingeufanya wino uwe maji. Kwake ilifanya kinyume, na sababu yake, kwa maoni yangu, ni kwamba safari hii alikuwa akimwandikia mtu. Katika suala la Nile alikuwa akizungumza na nafsi yake. Katika barua hii alikuwa na wasomaji machoni pake, watu wa mbali aliotaka wafanye jambo fulani. Chumba ni kile kile, mezani ni pale pale, na upweke ni ule ule. Kilichobadilika ni muitikiaji.

Hapo ndipo ninapoachana na wale wasemao kwamba mwandishi hutengenezwa na utulivu. Wa kutupa ushahidi wa upande wa pili ni mwenyeji zaidi wa njia hii kuliko hao wawili, naye ni Hamed bin Muhammed el-Murjebi, Tippu Tip. Baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa na makao Ituru karibu na Tabora, akamwoa Karunde binti wa Fundikira, mtemi wa Unyanyembe, na mwana alifika huko angali kijana. Alifanya biashara na vita kwa muda wa miaka mingi, akarudi Unguja, akastaafu, na hapo, mwanzoni mwa karne ya ishirini, kwa kuombwa na Heinrich Brode, akaandika maisha yake kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Brode aliyatoa kwa herufi za Kirumi Berlin mwaka wa 1902 na 1903, na wasomaji wa siku nyingi watakumbuka kwamba W. H. Whiteley aliyatoa tena pamoja na tafsiri ya Kiingereza kama nyongeza ya jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki, 1958 na 1959.

Mzee huyu alikuwa na raha zote ambazo Livingstone hakuwa nazo: nyumba mjini, mashamba, watu wa kumhudumia, na miaka mingi ya kupumzika mpaka kufa kwake mwaka wa 1905. Lakini tafuta raha hiyo katika maandishi yake, huioni. Hatazami ndege. Hasemi jua lilichwa vipi. Nathari yake inakwenda mwendo wa msafara unaotaka kufika majini kabla ya joto: tukaenda, tukafika, akasema, nikamwambia, wakatoa pembe kadha wa kadha. Tabora kwake ni mahali pa kukopa mali, kugombana na ndugu, kumwona baba, kuondoka. Wako waliomlaumu kwa ukavu huu wakasema hana fani. Mimi naona fani yake ni ya mazungumzo. Kitabu kizima kimejaa watu wanaosema na kujibiwa, na machifu wa bara humo si picha za mlangoni kama kwa Burton. Ni watu wenye hila, hasira na hesabu zao, ambao mwandishi aliwahi kubishana nao ana kwa ana akashinda au akashindwa. Anawaonea, anawaua, anawauza, na bado anawasikia wakisema. Ni jambo la kutisha na ni jambo la kweli katika fasihi ya Kiswahili, ya kwamba aliyekuwa mkatili zaidi kwa matendo ndiye aliyewapa watu wa bara midomo katika maandishi, na yule msomi wa barazani hakuwapa. Wala hili halimpunguzii dhambi yake hata chembe.

Maandishi mengine ya njia hii, kama yale ya Selemani bin Mwenye Chande yaliyomo katika mkusanyo wa Velten wa mwaka wa 1901, na ambayo Lyndon Harries aliyarudia kwa sehemu mwaka wa 1965, yana mwendo huo huo wa haraka, nayo yataka makala yake peke yake.

Tukitazama waandishi wa karibu zaidi mambo hayabadiliki sana. Abdilatif Abdalla alitunga Sauti ya Dhiki gerezani kati ya 1969 na 1972, akiandika kwa siri katika karatasi za chooni; hakuna atakayesema hiyo ni nyumba ya mapumziko, lakini ni upweke mkali kuliko wa Kwihara, na tungo zake zimejaa wasemeshwa, ndugu, wakubwa, hata hisia zake mwenyewe. Ngũgĩ wa Thiong'o alimaliza Petals of Blood mwaka wa 1975 huko Yalta, katika nyumba ya Umoja wa Waandishi wa Urusi ya Kisovieti. Hiyo ilikuwa faragha hasa, yenye bahari na huduma. Kitabu kilichotoka humo hakina hata harufu ya Yalta. Ni cha Ilmorog na cha Kenya tangu mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa alikwenda nacho kichwani, na watu wake akaenda nao. Na Mwalimu Nyerere, aliyesoma Tabora na kufundisha hapo St. Mary's baada ya vita vya pili vya dunia, alitoa tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka wa 1963 akiwa Rais wa Tanganyika, kazi ambayo hakuna mtu angeiita ya faragha.

Basi nikiulizwa kama tuwajengee waandishi nyumba hapa Kitete, jibu langu ni kwamba tuijenge, lakini tusiijenge mbali na watu. Nani atakaa humo pamoja na mwandishi, nani atamkatiza, nani atamwambia kwamba Lualaba siyo Nile? Susi na Chuma walikwenda Uingereza mwaka wa 1874 wakakaa na Waller, wakamweleza yale ambayo daftari halikusema, na sehemu ya mwisho ya kitabu kile isingeandikika bila wao. Walikuwepo Kwihara miezi ile mitano yote. Walipaswa kuulizwa mapema zaidi.

Ipo kazi moja ambayo ingefaa kuanziwa nayo. Matini ya Tippu Tip tuliyo nayo imepitia mikono ya Brode na ya Whiteley, wote wawili wastadi, lakini majina yake ya mahali na ya watu wa Unyamwezi bado yanahitaji kupimwa na wenyeji, jina kwa jina, mtaa kwa mtaa, kuanzia Ituru. Mhariri mmoja wa chuo na wazee wawili watatu wanaokijua Kinyamwezi cha zamani wanaweza kuimaliza wakikaa pamoja Tabora muda ule ule aliokaa Livingstone akingoja wapagazi.